PCOS na Ukoo: Uulize Nini, Umuulize Nani, Upime Nini

Mwanamke akitoka na karatasi ya ultrasaundi iliyoandikwa PCOS, iwe ameipata Mnazi Mmoja, Amana au kwenye zahanati ya ghorofani Mtaa wa Msimbazi, maswali yanayomsubiri nyumbani si ya kitabibu. Mama mkwe atauliza kama ni chango. Shoga yake wa fremu ya jirani atalaumu sindano za uzazi wa mpango. Mume akiwa muungwana atauliza dawa yake ni ipi. Asipokuwa muungwana atasema kwao hakuna mwanamke mwenye matatizo hayo. Swali lenye faida kuliko hayo yote huwa haliulizwi: katika ukoo wako wewe, nani mwingine anayo?

Linafaa kuulizwa kwa sababu PCOS hutembea ndani ya ukoo, tena kwa njia ambazo wengi hawazitazamii. Hupita kwa baba kama inavyopita kwa mama, hujificha kwa wanaume, na ikiwapata ndugu wawili huenda kila mmoja akawa na dalili zake. Hakuna kipimo cha maabara, hapa Dar es Salaam wala London, kitakachokuambia kwa uhakika kwamba umeirithi au hukuirithi. Historia ya ukoo ikikusanywa vizuri inausogelea ukweli huo kuliko kitu chochote unachoweza kununua, nayo haiuzwi. Kinachofuata hapa ni namna ya kuikusanya na namna ya kuitumia.

Kwanza, ujue unachokitafuta

PCOS ni hali ya homoni. Mayai hayapevuki kwa wakati wake, homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zinazidi kiwango, na mara nyingi insulini nayo inazidi kwa sababu mwili hauitikii vizuri. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliieleza mwaka 1935 baada ya kuona wanawake saba wenye dalili zinazofanana. Vile vijiduara vyeusi vinavyoonekana kwenye picha ya ultrasaundi si uvimbe, na usimruhusu mtu akuuzie dawa ya kuyeyusha uvimbe kwa ajili yavyo. Ni vijifuko vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani.

Kigezo kinachotumika duniani kinahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasaundi. Kwa hiyo karatasi ya ultrasaundi peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa. Wapo wanawake wengi wenye ovari za namna hiyo ambao hedhi yao inakuja kila mwezi, wamezaa, na hawana tatizo lolote. Lazima pia daktari aondoe kwanza mambo mengine yanayofanana nayo: mimba, tezi ya shingo, homoni ya maziwa iitwayo prolaktini, na maradhi ya tezi zilizo juu ya figo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wenye nayo hawajui. Hapa kwetu, watafiti wa Muhimbili walichapisha mwaka 2009 matokeo ya uchunguzi wa wanawake waliofika hospitalini hapo kwa tatizo la kutopata ujauzito. Karibu theluthi moja walikuwa na PCOS. Hao ni waliofika Muhimbili. Muuza mitumba mwenye watoto watatu, ambaye kila wiki hunyoa kidevu kabla ya kufungua biashara, hayumo kwenye hesabu hiyo, na huenda ndiye shangazi yako.

Inarithiwa, lakini si kama selimundu

Mkazi wa Dar es Salaam akisikia ugonjwa wa kurithi hufikiria selimundu, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Selimundu ni jeni moja. Baba na mama wakiwa wote wamebeba kasoro ile ile, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mgonjwa, na kipimo cha damu kinajibu ndiyo au hapana. PCOS haina jeni moja. Ina nyingi, kila moja ikisukuma kidogo tu, na jumla ya misukumo hiyo ikikutana na uzito, chakula, usingizi na mengine ya maisha ndipo hali inapojitokeza au inapobaki imelala.

Watafiti wa Uholanzi walilinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana, na mwaka 2006 wakatoa makadirio kwamba urithi unachangia takribani asilimia 70 ya tofauti iliyopo kati ya mwanamke na mwanamke katika kupata PCOS. Tafadhali usiisome namba hiyo vibaya, maana wengi huisoma vibaya na kulia bure. Haina maana kwamba ukiwa nayo, binti zako saba kati ya kumi wataipata. Inazungumzia kundi zima la watu na kinachowatofautisha. Haisemi lolote juu ya mtoto wako mmoja.

Namba za kukusaidia wewe ni nyingine. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwapima ndugu wa kike 115 wa wanawake wenye PCOS. Asilimia 22 walikuwa nayo kamili. Asilimia 24 wengine walikuwa na homoni za kiume zilizozidi ingawa hedhi yao ilikuwa ya kawaida, yaani walikuwa na nusu ya tatizo bila kujua. Ukiwajumlisha, ni karibu nusu ya ndugu hao. Nako Sweden, kwa kutumia kumbukumbu za taifa, ilionekana mwaka 2019 kwamba binti za wanawake wenye PCOS walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kugunduliwa nayo kuliko binti wengine. Sehemu ya hiyo ni jeni, na sehemu inadhaniwa kutokana na homoni anazokutana nazo mtoto angali tumboni.

Na jeni zenyewe? Wachina ndio waliotangulia kuzionyesha vizuri mwaka 2011, kwa kuchunguza vinasaba vya maelfu ya wanawake. Mwaka 2018 uchambuzi wa wanawake wa asili ya Ulaya, zaidi ya 10,000 wenye PCOS na zaidi ya 100,000 wasio nayo, ulitaja sehemu 14 za vinasaba. Ukizitazama kazi zake, unaanza kuielewa hali yenyewe. DENND1A inahusika na seli za ovari zinazotengeneza homoni za kiume. FSHB inahusu homoni inayotoka kwenye ubongo kwenda kukuza yai. THADA imewahi kuhusishwa na kisukari. Uchambuzi huo huo ulionyesha kwamba jeni za uzito na za insulini zina uhusiano na za PCOS, jambo ambalo wanawake wa kwenye foleni za kliniki walilijua kwa macho zamani: palipo na PCOS, kisukari hakiko mbali.

Kuna kasoro moja kubwa katika elimu hii, nayo inatuhusu. Damu nyingi zilizochunguzwa zimetoka Ulaya na China. Waafrika wana tofauti nyingi za vinasaba kuliko watu wa bara lingine lolote, na ndio waliochunguzwa kidogo zaidi. Kwa hiyo alama za hatari za kijenetiki zinazopigiwa hesabu kwa Wazungu hazisomeki vizuri kwa Mzaramo, Mnyamwezi au Mchaga. Ndiyo maana nasisitiza ukoo.

Kumuuliza nani

Anza na karatasi. Chora mstari wa mama na mstari wa baba, upande mmoja na mwingine, hadi kwa bibi na babu. Watu wengi huandika upande wa mama tu kwa sababu ugonjwa ni wa kizazi. Ni kosa la kwanza na ndilo kubwa. Nusu ya vinasaba vyako vimetoka kwa baba. Yeye hana ovari za kuonyesha, lakini dada zake wanazo. Shangazi ni shahidi mzuri kuliko mama mkubwa kwa mambo ya upande huo, na katika familia nyingi shangazi ndiye mwenye ruhusa ya kuyasema.

Kariakoo ukoo haukai mahali pamoja. Mwenye duka Mtaa wa Kongo bibi yake yuko Rombo, jirani yake ana mama wadogo Pemba, na wa tatu babu yake alikuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut au Gujarati. Kwa hiyo kazi hii itakuwa ya simu, na ya subira. Nakuomba jambo moja: usiulize kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukiandika pale, "jamani nani ana ndevu?", utapata vicheko na vibonzo, na ukweli hutaupata tena miaka kumi. Mpigie kila mmoja peke yake, jioni, akiwa ametulia. Mwamkie, muulize hali, kisha sema jambo la kweli: "Shangazi shikamoo. Daktari ameniuliza habari za wanawake wa kwetu, nikaona wa kumuuliza ni wewe."

Mpangilio wa maswali una maana. Anza na yasiyo na aibu: nani ana sukari, nani ana presha, nani alipata sukari wakati wa ujauzito, nani alinenepa ghafla tumboni akiwa bado kijana. Watu wanapenda kuzungumzia sukari. Baada ya hapo ingia kwenye uzazi, lakini kwa uangalifu. Usiulize nani ni mgumba, maana jina hilo katika koo zetu hupewa mwanamke hata pale mume ndiye mwenye tatizo, na hukosa jina mwanamke aliyehangaika miaka kumi akapata mtoto mmoja. Uliza badala yake: siku zake zilikuwa zinakuja kila mwezi? Kati ya mtoto wa kwanza na wa pili palipita miaka mingapi, na ilikuwa kwa kupenda? Mimba ziliharibika?

Kwa bibi jibu litakuwa gumu kupatikana, kwa sababu nyingine. Bibi aliyeolewa akiwa na miaka 16, akazaa na kunyonyesha mfululizo hadi arobaini, hedhi yake haikupata nafasi ya kuonekana imevurugika. Kwake sukari ya uzeeni na nywele za kidevuni ndizo zitakazokupa fununu.

Mwisho ndipo uulize habari za nywele na ngozi: ndevu, nywele za kifuani na chini ya kitovu, chunusi zilizoendelea baada ya miaka 25, nywele za utosini kupungua. Hapa usikubali "hapana" ya haraka. Mwanamke wa mjini ananyoa, anang'oa kwa kibano, au anakwenda kutolewa kwa uzi saluni, na akishatoa anajiona hana. Muulize anatoa kila baada ya siku ngapi. Uliza pia kama yupo mwenye weusi laini kama mahameli shingoni au kwapani usiotoka kwa kusuguliwa. Ule si uchafu. Ni alama ya insulini kuzidi mwilini, na nimeona wasichana wakisuguliwa kwa dodoki hadi wakatoka damu kwa ajili yake.

Kuna shahidi mwingine ambaye vitabu vya madaktari havimjui. Kama umelelewa katika familia za pwani, ulipovunja ungo ulikabidhiwa kwa somo au kungwi. Yeye ndiye aliyekufundisha kuhesabu siku zako, na huenda ndiye aliyewafundisha dada zako na binti za shangazi. Anakumbuka nani alianza akiwa na miaka 11 na nani alifika 16 bila kuona kitu, na ni nani aliyekuwa akikaa miezi mitatu. Kamsalimie.

Wanaume wasiachwe. Watafiti waliopima alama za kijenetiki za PCOS kwa wanaume wa Uingereza walikuta wale wenye alama nyingi walikuwa na unene, kisukari na upara zaidi kuliko wenzao. Baba au kaka aliyeanza upara kabla ya miaka 35, mwenye kitambi na sukari, anaweza kuwa ndiye aliyebeba mzigo huo bila kuujua. Andika jina lake kwenye mstari wake. Upara peke yake si ushahidi wa kitu, wapo wengi waliorithi upara tu. Lakini upara wa mapema pamoja na sukari pamoja na dada mwenye hedhi ya msimu ni habari ya kumpelekea daktari.

Na kama baba humjui, au ulilelewa na watu wasio wa damu yako? Fanya kama unayo historia hiyo. Vipimo vya sukari na homoni havihitaji jina la babu.

Familia zinazooana

Familia nyingi za pwani, za asili ya Kiarabu na baadhi ya za Kihindi kuanzia Kisutu hadi Upanga huozesha binamu kwa binamu. PCOS yenyewe haitokani na ndoa hizo, lakini upo ugonjwa unaoiga sura yake kwa karibu sana na ambao unarithiwa kama selimundu, kwa kasoro kutoka kwa baba na mama wote wawili. Ni upungufu wa kimeng'enya kwenye tezi zilizo juu ya figo, katika ile namna yake nyepesi inayojitokeza ukubwani. Huleta ndevu, chunusi na hedhi ya kuruka, na ultrasaundi yake inaweza kufanana na ya PCOS kabisa. Wazazi wenye babu mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kuwa wamebeba kasoro moja.

Kwa hiyo kama wazazi wako ni ndugu, mwambie daktari siku ya kwanza, bila kuona haya, na uulize kipimo cha damu kiitwacho 17-hidroksiprojesteroni, kinachochukuliwa asubuhi mapema katika siku za mwanzo za hedhi. Matibabu yanaweza kutofautiana, na kwa mtu anayetaka kuzaa na binamu yake jibu la kipimo hicho ni habari kubwa.

Jambo lingine kwa wasomaji wa asili ya Asia Kusini: tafiti zilizofanywa kwa wanawake wenye asili ya huko zimeonyesha dalili zinaanza mapema na insulini inavurugika zaidi hata kwa mtu asiye mnene wa kutisha. Kwao hatari ya sukari huanza kuhesabiwa kwenye uwiano wa uzito na urefu wa 23, si 25.

Usivinunue hivi

Kwanza, vipimo vya vinasaba vya kuagiza mtandaoni vinavyodai kutabiri PCOS. Nimeshasema kwa nini. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima vinasaba, na ndiyo inayosimamia sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, lakini ukienda pale utakutana na watu wenye kesi za uzazi wa mtoto na jinai. Hawatakusomea ovari.

Pili, mashine za "kupima mwili mzima" ambapo unashikishwa kifimbo mkononi na baada ya dakika unapewa kurasa nyingi zenye rangi zinazosema homoni zako zimeshuka. Kifimbo hakisomi homoni wala jeni. Homoni husomwa kwenye damu iliyotolewa mshipani, na kurasa zile huishia kwenye makopo ya virutubisho yaliyopangwa nyuma ya huyo anayekupima.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, vidonge vya kupevusha mayai vinavyonunuliwa dirishani bila cheti, kwa ushauri wa shoga. Klomifeni ni dawa ya kweli, lakini huweza kusukuma mayai mengi kwa mara moja na inahitaji kufuatiliwa kwa ultrasaundi. Siku hizi letrozoli ndiyo inayotangulizwa kwa wenye PCOS wanaotaka kushika mimba, nayo pia ni kwa mkono wa daktari. Kabla ya yote mawili mume apime mbegu zake. Ni kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho kinachoahirishwa zaidi ya vyote.

Nne, mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, na hivyo hivyo baadhi ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa ahadi ya makalio. Steroidi zikitumika muda mrefu hupandisha sukari, hujaza mafuta usoni na tumboni, huotesha nywele, hutoa chunusi na kuvuruga hedhi. Soma tena orodha hiyo: ni PCOS ya kutengenezwa. Mwanamke anaweza kulaumu ukoo wake mzima kumbe chanzo kiko kwenye kikopo cha kujipaka. Mwambie daktari kila unachopaka na kumeza, hata kama unajua atakasirika.

Siku ya kwenda kupima

Huna haja ya kuanzia Muhimbili. Anza kituo kilicho karibu, upewe rufaa kama itahitajika; utasogea haraka ukiwa na vitu viwili mkononi, ile karatasi ya ukoo na kalenda ya hedhi ya miezi sita. Kalenda ndiyo inayosahaulika. Hedhi inayokuja chini ya siku 21 au zaidi ya 35, au isiyofika mara nane kwa mwaka, ni ya kuchunguzwa. Kupitisha siku 90 bila kuona damu, nje ya mimba, kunyonyesha na uzazi wa mpango, si jambo la kusubiri, kwa sababu utando wa kizazi unaojengeka bila kutoka huongeza hatari ya saratani baadaye. Vipo vidonge vya projestini vya kuutoa.

Kama unatumia vidonge au sindano ya miezi mitatu, sema. Havileti PCOS, shoga yako amekosea, lakini huficha picha: vidonge hubadilisha majibu ya homoni, na sindano inaweza kuchelewesha hedhi kurudi miezi kadhaa. Daktari akitaka kupima homoni atakushauri ukae miezi mitatu bila vidonge huku ukitumia kinga nyingine. Usiiache kinga kabisa kwa kuamini huwezi kushika mimba. Yai linalopevuka mara chache halitoi taarifa.

Kipimo cha kung'ang'ania ni cha sukari, hasa kama kwenye karatasi yako kuna baba, shangazi au bibi mwenye kisukari. Kipimo kizuri ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi ukiwa hujala tangu usiku na kupimwa tena baada ya saa mbili, maana sukari ya asubuhi peke yake huwapita wengi. Irudiwe kila mwaka mmoja hadi mitatu kadiri ya hatari uliyo nayo. Pima na presha pamoja na mafuta ya damu.

Kuhusu matibabu nitapita haraka, kwa sababu hayo ni yako na daktari. Vidonge vya uzazi wa mpango hupanga hedhi na kupunguza ndevu na chunusi, kwa miezi sio kwa wiki. Metfomini husaidia upande wa insulini. Hakuna kinachofuta jeni, na anayekuahidi kuponya PCOS moja kwa moja kwa siku 21 anakuuzia siku 21.

Unachoweza kukisogeza mwenyewe ni ule msukumo wa pili, wa maisha. Ni kweli kwamba uzito nao una urithi wake, na kuna wembamba wengi wenye PCOS, kwa hiyo usikubali kutukanwa kwa ajili ya mwili wako. Lakini maisha ya fremu yanajulikana: kukaa kitini tangu saa mbili asubuhi, chai yenye sukari vijiko vitatu na vitumbua, chipsi mayai mchana na soda ya baridi juu yake, bajaji kurudi nyumbani. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutoka makutano ya Msimbazi na Uhuru, upite Mnazi Mmoja hadi Posta, ni kama nusu saa kwa miguu. Siku tano kwa wiki umemaliza hesabu. Soda ukiiacha, hata kama hutaacha kingine, utakuwa umefanya jambo.

Binti yako

Mama mwenye PCOS humtazama binti yake kwa hofu tangu avunje ungo, na hofu hiyo huwapeleka wengine kwenye ultrasaundi mtoto akiwa na miaka 13. Usifanye hivyo. Ovari za msichana mdogo huwa na vijifuko vingi kwa kawaida yake, na wataalamu hawapendekezi kutumia ultrasaundi kwa ajili ya PCOS kabla haijapita miaka minane tangu hedhi ya kwanza. Mwaka wa kwanza hedhi kuruka ni kawaida. Kinachohitaji daktari ni binti aliyepitisha mwaka kisha akakaa siku zaidi ya 90 bila hedhi, aliyevuka miaka mitatu na bado haijatulia, au mwenye ndevu na chunusi kali pamoja na hedhi hiyo. Wakati huo wote usimwambie kwamba atakuwa mgumba. Si kweli, kwa kuwa wengi wenye PCOS huzaa, baadhi kwa msaada wa dawa na wengi bila msaada wowote, na neno hilo likishamwingia msichana halitoki kwa metfomini.

Ukishapata majibu yako, waambie ndugu zako wewe mwenyewe, wasije wakasikia kwa jirani. Dada yako akahesabu siku zake, na kaka yako, hata akicheka, akapime sukari.